Kifaa cha GPS kwa pikipiki: ninunue Zumo, au simu inatosha kwa njia za Natron na Loliondo?

MsafiriWaMeru ameandika:

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kuhusu kifaa cha GPS cha kufunga kwenye pikipiki. Ninaendesha Yamaha XTZ 125, na mwezi wa saba, masika yakiwa yamekatika na makorongo yamekauka, nakusudia kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngare Sero (kando ya Ziwa Natron) hadi Wasso na Loliondo, kisha nivuke kwenda Mugumu na kumalizia Musoma. Kurudi nitatumia lami kupitia Singida.

Hadi sasa nategemea simu, na mjini haijaniangusha. Ninachohofia ni porini, kwa kuwa baada ya Engaruka mtandao huja na kuondoka, jua la saa saba hufanya kioo kisisomeke, na sina hakika kama simu ya kawaida inaweza kuhimili siku nzima ya barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati. Shemeji yangu anakuja likizo kutoka Uingereza mwezi wa sita na amekubali kunibebea mzigo mdogo, kwa hiyo nimekuwa nikiangalia Garmin Zumo XT2 na TomTom Rider 550. Bei zake si za mchezo. XT2 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa Marekani kwa dola 600 hivi, na kwangu fedha hiyo ni matairi mawili mapya, mafuta ya safari yote na akiba juu.

Je, kuna ninachokipata kwenye vifaa hivyo ambacho simu haiwezi kunipa? Na kama jibu ni simu, niifunge na kuichaji vipi bila kuiharibu?

NyikaNaRamani amejibu:

Mkuu MsafiriWaMeru, nianze na njia yenyewe, maana ina jambo litakalokukwamisha kabla hata ya suala la kifaa. Barabara ya kutoka Loliondo kwenda Mugumu inaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa geti la Klein's, na pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi hiyo. Njia ya Ngorongoro na Seronera nayo ni hivyo hivyo. Ukiandika Musoma kwenye kifaa chochote, kiwe cha dola 600 au simu ya mkopo, kuna uwezekano mkubwa kitakuchorea mstari unaokatiza hifadhini, kwa sababu kinatafuta njia fupi ya gari na hakina habari na sheria za getini. Utageuziwa hapo hapo, na hapo ndipo utaanza kupiga hesabu ya mafuta yaliyobaki kwenye tangi.

Ningekuwa wewe ningerudi kutoka Loliondo kwa njia niliyoendea hadi Mto wa Mbu, kisha ningepanda Karatu, Mbulu na Haydom, nivuke daraja la Sibiti kwenda Mwanhuzi, Lalago na Maswa, halafu Bariadi hadi Lamadi, ambako unaikuta lami ya Mwanza kwenda Musoma. Njia hiyo inaizunguka hifadhi kwa upande wa kusini, na kwa mtu wa XTZ ni tamu kuliko lami ya Singida.

Njia hiyo pia inakupa kipimo cha kuchagulia ramani. Ramani ambayo data yake ni ya kabla ya daraja la Sibiti kukamilika haiwezi kukuvusha pale. Itakuzungusha hadi Singida. Kwa hiyo kabla hujalipia kifaa au ramani yoyote, iambie ikupeleke kutoka Haydom hadi Mwanhuzi na uone inajibu nini. Watu wengi hulinganisha ukubwa wa kioo na nguvu ya betri, wakasahau kwamba kifaa kizuri chenye ramani mbovu ni mapambo ya usukani.

Zumo inayouzwa Uingereza kwa kawaida huja na ramani za Ulaya. Ukiiwasha Arusha itajua ulipo, kwa kuwa setilaiti hazichagui nchi, lakini utaona mshale wako ukitembea kwenye eneo karibu tupu. Kuna namna mbili za kulijaza. Ya kwanza ni ramani za kulipia za Tracks4Africa, ambazo zimejengwa kwa kumbukumbu za safari zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe, na ambazo hutolewa pia kwa muundo wa Garmin. Ya pili ni ramani za OpenStreetMap, ambazo ni za bure na kuna tovuti zinazozigeuza kuwa faili za Garmin. Unaipakua faili, unaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya folda inayoitwa Garmin, na kifaa kinaisoma. TomTom haikupi nafasi hiyo, bali unabaki na ramani zake tu. Kwa sababu hiyo ningeiondoa Rider 550 kwenye orodha yako, ingawa kwa kona za milima ya Ulaya ni kifaa kizuri.

OpenStreetMap ilianzishwa mwaka 2004 nchini Uingereza na huchorwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo ubora wake hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Sisi tumebahatika. Jijini Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulichora mitaa inayokumbwa na mafuriko, na vijijini mpango wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015 ili kurahisisha kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji mkoani Mara, umeingiza vijiji na barabara nyingi ambazo ramani za kibiashara hazikuwa nazo. Mugumu ulikokusudia kupita ni kati ya maeneo yaliyonufaika tangu mwanzo. Sasa zingatia hili: ramani hiyo hiyo ya bure unayoweza kuiweka kwenye Zumo ndiyo iliyomo ndani ya programu za OsmAnd na Organic Maps kwenye simu yako. Kwa upande wa ramani, basi, dola 600 hazikununulii kitu. Kama zinakununulia kitu, ni kwenye kioo, maji na umeme, na hayo wapo wanaoyajua kuliko mimi.

Kuhusu mtandao usihangaike. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo takriban kilomita 20,200 juu yetu bila laini wala bando, na mtandao husaidia tu kuharakisha kupata mahali ulipo mara ya kwanza unapowasha. Kinachokatika Engaruka ni upakuaji wa ramani, na dawa yake ni kuzipakua ukiwa Arusha.

FundiWaya amejibu:

Nami niingie upande wa umeme na ufungaji, ambao ndio kazi ya karakana yangu.

Simu nyingi ninazoletewa zikisemekana zimeuawa na mtetemo, kifo chake kimepitia tundu la kuchajia. Waya huning'inia, pikipiki ikirukaruka kichwa cha chaja kinatikisika ndani ya tundu, na kidogo kidogo ule ulimi mwembamba wa katikati unalegea. Ukilimulika tundu kwa tochi na kulitazama kwa lenzi unakuta vumbi jekundu limeshindiliwa chini ya ulimi, na pini mbili tatu za pembeni zimeshachakaa hadi shaba inaonekana. Ni hapa ambapo Zumo ina haki ya bei yake: waya zake zinaingia kwenye kitako, kitako kinapokea umeme wa pikipiki moja kwa moja, na kifaa kinagusana na kitako kwa pini za mgongoni, hivyo hakuna kichwa cha kuchomeka wala kuchomoa. Kwa simu unaweza kulikaribia hilo kwa kutumia waya mfupi wenye kichwa cha kona, ukaufunga kwa kamba ya plastiki kwenye kishikizi chenyewe ili simu na waya vitikisike pamoja. Vishikizi vinavyochaji bila waya vipo, lakini huongeza joto kwenye simu ambayo tayari inaokwa na jua.

Kamera nayo ina habari yake. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kudhoofisha mfumo unaotuliza picha na ule wa kulenga, kwa kuwa ndani ya kamera hizo kuna lenzi inayoning'inia kwa sumaku. Simu za kampuni nyingine zenye kamera za namna hiyo zina hatari ile ile. Kwa hiyo usifunge simu yako nzuri. Tafuta simu ya pili iliyotumika, ya bei ya chini, yenye kamera isiyo na mfumo huo, na uiweke iwe ya ramani tu. Kishikizi kiwe na mpira wa kupunguza mtetemo, kifungwe karibu na katikati ya usukani, na simu ifungwe kamba ya usalama, maana kishikizi kikivunjika kwenye korongo hutasikia chochote chini ya kofia.

Mzigo wa umeme wa simu si mkubwa. Chaja ya volti 5 na ampia 2 inatoa wati 10, na ukiongeza upotevu wa kugeuza umeme unakuwa umechukua kama ampia 1 kwenye betri ya volti 12. XTZ yako inalimudu hilo, mradi mfumo wa kuchaji ni mzima. Upime kabla ya safari: washa injini, ongeza mafuta kiasi, weka mita kwenye vichwa vya betri, na isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma 12 na kidogo, tatizo lako ni regyuleta au koili, na kuongeza chaja kutakuacha kando ya Ol Doinyo Lengai ukipiga kiki. Waya wa chanya utoke kwenye betri na uwe na fyuzi ya ampia 3 au 5 hapo hapo mwanzoni, kisha upite kwenye rilei (swichi ya umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo. Mafundi wengi huunga chaja kwenye waya wa taa kwa sababu uko karibu, na siku waya ule ukipata shoti unapoteza taa na ramani kwa pamoja.

Suala la maji lina mtego kidogo. Zumo na Rider zimepewa kiwango cha IPX7, maana yake kinaweza kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Ile X ni nafasi ya kipimo cha vumbi, na inaonyesha kwamba kipimo hicho hakikutangazwa. Simu ya IP68, ambayo ile 6 ndiyo kipimo cha vumbi, kwa maandishi imeishinda Zumo kwa vumbi. Hata hivyo mvua ikinyesha, matone juu ya kioo cha simu huhesabiwa kama vidole, na utaona ramani ikijikuza, ikijisogeza na kufungua vitu usivyoviomba; tena simu nyingi zikihisi unyevu kwenye tundu hukataa kuchaji. Kioo cha Zumo kimetengenezwa kwa glavu na mvua, na hapo simu haina utetezi. Kwa safari ya mwezi wa saba upande ule, mvua si hoja yako kubwa.

Jua ndilo hoja. Apple hupendekeza iPhone itumike kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na simu iliyo juani, inayochajiwa, yenye mwanga wa juu kabisa, huchemka hadi inajipunguzia mwanga yenyewe au kujizima. Usiiache ikiwaka muda wote. OsmAnd ina mpangilio wa kuzima kioo na kukiwasha unapokaribia njia panda, na sauti unaweza kuisikia kwa kipaza sauti cha ndani ya kofia.

MsafiriWaMeru ameandika:

Nashukuru sana, wakuu. Habari ya Serengeti imenigeuzia mpango mzima, na heri nimeisikia nikiwa nyumbani. Njia ya Sibiti nimeipenda. Nimeijaribu Haydom hadi Mwanhuzi kwenye Organic Maps na imenivusha mto bila shida. Naanza kuelemea upande wa simu ya pili, lakini bado sijaridhika kuhusu Natron: nikipotea pale kwenye majivu ya Ngare Sero na simu ikawa imezimika kwa joto, nitabaki na nini?

Chalbi254 amejibu:

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasalimu kutoka Marsabit. Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila naona nyote mmechukulia kwamba kazi ya kifaa ni kumpangia mtu njia. Huku kwetu, ukishaiacha lami ya Moyale na kuelekea Maikona, North Horr na Loiyangalani, hakuna njia moja ya kupangiwa. Kuna nyayo za malori zilizotawanyika, na kila baada ya mvua madereva hutafuta mahali pakavu zaidi, kwa hiyo njia ya mwaka jana inaweza kuwa mita mia kadhaa kutoka ile ya sasa. Kifaa kinachong'ang'ania barabara kitakwambia ugeuke kila dakika. Unachohitaji pale ni mshale wa uelekeo, umbali uliobaki kufika kisimani au kijijini, na mstari wa mahali ulikopita ili uweze kurudi. Nadhani uwanda wa Natron una sehemu za namna hiyo.

Kwa kazi hiyo mimi natumia kifaa cha mkononi cha Garmin, aina ya eTrex, chenye kioo kidogo na vitufe vya kubonyeza. Kinatumia betri mbili ndogo za AA, ambazo nimezipata hata kwenye maduka ya vituo vidogo jangwani, na kioo chake husomeka vizuri zaidi jua linavyozidi kuwa kali. Si kizuri kwa mji, na kuandika jina la mahali kwa vitufe vile ni adhabu. Lakini kikiwa mfukoni hakitegemei umeme wa pikipiki wala hakijui joto la kioo. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na Zumo, na shemeji yako hatakihisi kwenye begi.

Jambo la pili ni dharura. GPS inakuonyesha ulipo wewe. Haimwonyeshi mtu mwingine. Kama unasafiri peke yako na una fedha ya ziada, ningeielekeza kwenye inReach Mini kabla ya Zumo. Hicho hutuma ujumbe na wito wa dharura kupitia setilaiti za Iridium, mahali ambapo simu haina mnara, ingawa utalipia huduma yake kwa mwezi. Garmin Montana 700i ina huduma hiyo ndani pamoja na ramani na kioo kikubwa, lakini kwa bei hiyo tutakuwa tumerudi pale tulipokataa kwenda.

BabuWaBoxer amejibu:

Niongeze neno moja. Chochote mtakachofunga, kiwe cha kuchomoka kwa mkono mmoja, na mchomoe kila mnaposhuka kunywa chai. Kitako cha Zumo kina toleo la kufungwa kwa ufunguo, lakini ufunguo huo humzuia mwizi mwenye haraka tu.

MsafiriWaMeru ameandika:

Chalbi254, ahsante, umenijibu palepale nilipokuwa nauliza. Nimeamua: simu ya pili yenye OsmAnd usukani, eTrex mfukoni, na waya nitampelekea fundi pamoja na maelezo ya FundiWaya jinsi yalivyo. Rafiki yangu aliyepita Natron mwaka uliopita amenitumia faili ya GPX, yaani faili ya kubebea njia kutoka kifaa hadi kifaa. Nilipoifungua kwenye simu, programu ilianza kunielekeza kwa barabara tofauti na aliyopita yeye. Je, faili ni mbovu?

NyikaNaRamani amejibu:

Faili huenda ni nzima. GPX inaweza kubeba vitu vya namna mbili ambavyo kwa macho vinafanana. Kimoja ni orodha ya vituo vichache, tuseme Mto wa Mbu, Engaruka, Ngare Sero, ambavyo kifaa huviunganisha chenyewe kwa kufuata ramani yake na mipangilio yake. Ukiwa umekiambia kiepuke barabara za vumbi, kitakuchorea kitu tofauti kabisa na alichopita mwenzako. Kingine ni mstari kamili uliorekodiwa nukta kwa nukta, ambao haubadiliki kwa sababu hauna cha kukokotoa. Muulize rafiki yako kama alirekodi safari yenyewe au alipanga tu mezani. Kama ni rekodi, kwenye OsmAnd uifungue kama mstari wa kufuata na uzime kipengele cha kuiambatisha na barabara, halafu kwenye eTrex uinakili kwa waya wa kompyuta ndani ya folda ya GPX, iliyo ndani ya ile ya Garmin. Baadhi ya eTrex huwa na kikomo cha nukta kwa mstari mmoja, kwa hiyo faili ya siku nyingi uigawe kwa siku, la sivyo mstari utakatika katikati bila kukuarifu.

Ukishaweka kila kitu, washa hali ya ndege kwenye simu, kisha uendeshe kutoka Arusha hadi Makuyuni na kurudi. GPS itaendelea kufanya kazi. Kama kuna kipande cha ramani ulichosahau kupakua, au chaja inayokata unapopita tuta, utakigundua ukiwa bado kwenye lami na karibu na fundi. Ramani za OsmAnd uzisasishe wiki ya safari, maana wachoraji huongeza vitu kila siku, na ukikuta njia iliyohamia upande mwingine wa korongo, rekodi mstari wako ili ukirudi uipandishe OpenStreetMap.

Rekodi yangu ya Karatu hadi Lamadi kupitia Sibiti ni ya kiangazi. Nitaigawa kwa vipande vya Karatu–Haydom, Haydom–Mwanhuzi na Mwanhuzi–Lamadi, na kuiweka hapa leo jioni.